Shajara ya mradi: swichi ya pampu ya vakyumu kwa presi ya vinia, Tanga

Siku ya 1. Lengo na vifaa

Presi ni ya kubandika vinia (ubao mwembamba wa kufunikia) ya mtiki juu ya MDF ya mm 16, vipande vya sentimita 90 kwa 60: kipande kinaingizwa mfukoni, pampu inanyonya hewa, na hewa ya nje ndiyo inayobana. Vinia imetoka kwenye masalio ya mtiki wa Longuza, Muheza, ikapasuliwa na kupigwa randa hadi mm 1.5. Vakyumu ya -0.8 bar hukandamiza tani 8 kwa kila mita mraba, kwa hiyo kipande cha mita mraba 0.54 kinabanwa na tani 4 na ushee, sawasawa kona hadi kona. Klampu za karakana ya nyumbani hazibani sawasawa hivyo hata zikipangwa 20.

Pampu: kompresa ya friji ya robo hp, aina ya pistoni. Tangi: tangi la upepo la breki za lori, lita 25, kutoka kwa wauza skrepa. Mfuko: nailoni nzito ya geji 1000, ile inayotandazwa chini ya zege kuzuia unyevu. Geji: ya buluu ya fundi friji, kwa sababu inasoma chini ya sifuri. Geji hiyo imeandikwa inchi za zebaki, kwa hiyo haya yamebandikwa kwenye boksi: inchi 19 ni -0.65 bar, inchi 23.6 ni -0.80, inchi 25 ni -0.85.

Tahadhari kabla ya kukata bomba la kompresa: soma kibandiko. Ikiwa gesi yake ni R600a, iliyobaki ndani inawaka moto. Apewe fundi friji aitoe kwa vifaa vyake, na kazi ifanyike nje. Mafuta ya kompresa za R134a hunyonya unyevu, na hewa ya Tanga unyevu wake haukauki mwaka mzima. Yalimwagwa, yakawekwa mafuta ya pampu ya vakyumu ml 250.

Kwa nini swichi? Mota ya kompresa ya friji hupozwa na gesi inayorudi kutoka kwenye friji. Kwenye vakyumu hakuna cha kuipoza. Ikizunguka mfululizo kwa muda wote wa gundi kushika inachemka, mafuta yanakuwa mepesi kama maji, na mwisho wake ni koili kuungua. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu kinachoizima pampu vakyumu ikifika kiwango, na kuiwasha vakyumu ikishuka.

Siku ya 2. Swichi zilizokataliwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu dukani kila swichi yenye tundu la tredi huitwa "swichi ya presha".

Swichi ya kompresa ya upepo na ile ya pampu ya maji: hapana. Zote mbili zinafanya kazi juu ya sifuri. Ile ya maji kwa kawaida huwasha kwenye 1.4 bar na kukata kwenye 2.8. Ukiinyonya haisikii kitu, pointi zinabaki zimeshikana na pampu haikati kamwe.

Swichi ya lo-presha ya majokofu, aina ya KP1: hii ndiyo mafundi friji wengi watakayokushauri, na ni swichi nzuri kwa kazi yake. Lakini kipimo chake huanzia -0.2 bar kupanda hadi 7.5. Tunataka kuwasha kwenye -0.65 na kukata kwenye -0.80. Haifiki, hata ukifungua skrubu hadi mwisho.

Swichi ya maji ya mashine ya kufulia: inahisi sentimita chache za maji. Ukiivuta kwa -0.8 bar kiwambo chake kinaweza kupasuka.

Zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni swichi ya vakyumu ya kiwambo na springi, yenye swichi ndogo ndani na miguu mitatu: COM (wa pamoja), NO (uko wazi swichi ikitulia) na NC (umeshikana swichi ikitulia). Ya pili ni ya kidijiti, yenye namba usoni, ya volti 12 hadi 24 DC. Ukinunua ya kidijiti soma kibandiko cha nyuma: iwe ya 0 hadi -101 kPa. Kuna nyingine za umbo hilohilo, rangi hiyohiyo, za 0 hadi 1 MPa, na hizo ni za upepo.

Kitu kimoja cha kuuliza kabla ya bei: pengo. Pengo ni umbali kati ya pale swichi inapokata na pale inapowasha tena. Wauzaji hukutajia mwisho wa kipimo, -0.9 au -0.95, kana kwamba hiyo ndiyo sifa. Vinia haihitaji -0.95, na kuanzia -0.5 inabanwa vizuri. Pengo ndilo linaloamua pampu itaishi miezi au miaka, na kwenye swichi nyingi za kiwambo pengo halirekebishiki. Skrubu inasogeza mahali pa kukata, na pengo linafuata nyuma likiwa na upana uleule.

Imechukuliwa ya kiwambo, tredi ya robo inchi.

Siku ya 3. Kupima swichi mezani bila pampu

Bomba la sindano la ml 60 kutoka duka la dawa linatosha. Mpira mfupi, tii, swichi upande mmoja, geji upande mwingine, mita ikiwa kwenye mlio kati ya COM na NC. Ukivuta bomba kutoka sifuri hadi 60, na hewa ya ndani ya mpira ikiwa ml 10 tu, unafika karibu -0.85. Mpira ukiwa mrefu hufiki, kwa hiyo uwe wa sentimita 10 hivi.

Vuta polepole. Mlio unakatika na swichi inafanya "tik": soma geji. Achia polepole mpaka mlio urudi, kisha soma tena. Rudia mara 10. Yetu: inakata -0.80, inawasha -0.76. Pengo 0.04, kila mara, bila kuyumba. Kumbukeni namba hiyo.

Mguu wa pampu ni NC, kwa sababu kwenye hewa ya kawaida pointi ziwe zimeshikana na vakyumu ikipanda ziachane. Ukiunga NO, pampu haiwaki kabisa.

Kwenye swichi ndogo imeandikwa 10(3)A 250V. Namba ya kwenye mabano ndiyo ya mota. Kompresa hii inakula ampea 1.4 ikizunguka, lakini ikiwaka inavuta zaidi ya 10 kwa chini ya sekunde moja. Pointi zitavumilia wiki kadhaa, kisha zitaungana, na pampu itazunguka huku swichi ikisema "tik" kama kawaida. Kwa hiyo swichi itashika koili ya kontakta tu (swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya koili), na kontakta ndiyo ibebe pampu.

Siku ya 4. Hitilafu ya kwanza: pampu inawaka na kuzima kila sekunde 10

Muunganiko wa kwanza: pampu, tii yenye swichi, valvu ya kuzuia kurudi, tangi. Vakyumu ilifika -0.80 kwa dakika 3 na sekunde 40, ikakata. Sekunde 10 baadaye ikawaka. Ikakata. Mara ya tatu kompresa ikavuma bila kuzunguka, na ova lodi, kikata umeme cha kulinda mota, ikaruka.

Mtu wa haraka angebadilisha swichi. Lakini angalia geji ya tangi: imetulia -0.80 muda wote. Tangi halijapoteza kitu, ila swichi inaomba pampu. Maana yake swichi haisomi tangi. Pampu ikisimama, hewa inarudi nyuma kupitia valvu za kompresa, ambazo hazikutengenezwa kuzuia kabisa, na kipande cha bomba kabla ya valvu ya kuzuia kinajaa hewa. Swichi ilikuwa imefungwa hapohapo. Ilikuwa inasema kweli, ila kuhusu mahali pasipohusika.

Dawa: swichi ihamie kwenye tangi, kwenye tundu lake lenyewe, mbali na tundu la pampu. Kabla ya tundu la swichi pawekwe kizibo chenye kitobo cha mm 0.8 na kipande cha sponji, ili mtikisiko wa pampu na vumbi la msasa visifike kwenye kiwambo.

Valvu ya kuzuia kurudi: ile ya plastiki ya buta (kiongeza nguvu) ya breki za gari ndogo. Imeumbwa kwa vakyumu, inafunguka kwa nguvu ndogo sana, na ina mshale unaoelekea kwenye injini, ambao hapa unaelekea kwenye pampu. Valvu za shaba za fundi bomba zina springi ngumu, nyingine hazifungi kabisa bila uzito wa maji.

Siku ya 5. Kuvuja, na kwa nini povu la sabuni halisaidii

Swichi ikiwa kwenye tangi, mfuko haujaungwa bado, pampu inapumzika sekunde 40 tu. Sasa ni kuvuja kweli. Tangi peke yake lilitoka -0.80 hadi -0.62 kwa dakika 3. Hesabu: lita za tangi mara tofauti ya bar, gawanya kwa dakika. 25 × 0.18 ÷ 3 = lita 1.5 kwa dakika. Ni nyingi mno.

Povu la sabuni kwenye vakyumu halitoi mapovu, linanyonywa ndani, na maji yanaingia kwenye tangi. Fungua swichi na geji, ziba matundu yao, jaza tangi upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli, kisha pakaa povu. Swichi ikiachwa humo, kiwambo kitasukumwa upande ambao hakikuumbiwa.

Lakini hapa povu halikuonyesha kitu. Tangi likiwa na upepo halikuvuja hata tone. Hiyo ndiyo iliyotoa siri: valvu ya kumwagia maji chini ya tangi, ile yenye pete ya kuvuta. Presha ikiwa ndani ndiyo inayoibana kwenye siti yake. Kwenye vakyumu hewa ya nje inaisukuma ifunguke. Vivyo hivyo valvu ya tairi na viungo vya haraka vya mipira ya upepo: mshtuko wa kwanza ukija, vinaachia. Valvu ikatolewa, ikawekwa plagi. Matundu ya matangi haya mara nyingi ni M22x1.5, si ya inchi, kwa hiyo adapta zilichongwa kwa fundi tona: M22x1.5 nje, robo inchi ndani, oringi chini ya kichwa. Tredi tepu peke yake haitoshi kwenye tredi iliyonyooka.

Baada ya hapo tangi lilipoteza 0.01 kwa dakika 10. Safi.

Ukiunga mfuko, lita zinakuwa 28, na kuvuja kunarudi: 0.15 kwa dakika 9, karibu lita 0.47 kwa dakika. Wahusika ni mkunjo kwenye ukingo wa mfuko na mpira wa levo wa mafundi ujenzi, uliolainika kwa joto na kukaa vibaya kwenye nipo. Uliondolewa, ukawekwa mpira wa petroli wenye nyuzi, mm 8 ndani, na klipu mbili kila mwisho. Ukingo uliongezewa tepu ya butili. Ikawa 0.15 kwa dakika 22.

Hata hivyo hesabu zote zinazofuata zinafanywa kwa lita 0.5 kwa dakika. Mfuko wa leo hauvuji kama mfuko wa mwezi ujao uliokunjwa mara 40.

Siku ya 6. Pengo

Kwa pengo la 0.04: 28 × 0.04 ÷ 0.5 = dakika 2 na kidogo. Ndizo pampu inazopata kupumzika. Rilei ya kuwashia ya kompresa, ile PTC ndogo nyeusi, ikishapata moto huziba njia ya umeme wa koili ya kuwashia mpaka ipoe, na inataka dakika 3 hadi 5. Ikiombwa kuwaka kabla ya hapo mota inavuma tu na ova lodi inaruka. Fundi atakayeitwa atasema kompresa imekufa, kumbe ni hesabu.

Kwa pengo la 0.15: 28 × 0.15 ÷ 0.5 = dakika 8.4. Inatosha, na ziada ipo.

Wengi hudhani frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji, inatatua hili kwa sababu ina ucheleweshaji wa dakika kadhaa. Ikikaa kabla ya kontakta inahesabu umeme wa TANESCO unapokatika na kurudi, haijui swichi inafanya nini. Iwekwe, ndiyo, kwa ajili ya umeme mdogo, lakini si badala ya pengo.

Njia za kupata mapumziko hayo ni tatu. Tangi kubwa mara nne, lita 100, halikai chini ya benchi. Swichi ya kidijiti: unaandika -80 na -65 kPa, imekwisha. Inahitaji paua (chanzo cha umeme) ya 24V DC, rilei ndogo, kwa sababu tokeo lake ni la miliampea tu, na ujue kama tokeo hilo ni la NPN (linaunga kwenye hasi) au PNP (linaunga kwenye chanya) kabla ya kuunga. Ni nzuri, ila kwa mita mia chache kutoka baharini vifaa vya namna hii huanza kuota kutu kwenye miguu, na vikiharibika hakuna cha kufungua kwa bisibisi.

Ya tatu ndiyo iliyochaguliwa: swichi mbili za kiwambo na kontakta inayojishikilia.

Siku ya 7. Kuunga

Swichi A inakata kwenye -0.80. Swichi B inakata kwenye -0.69, na kwa pengo lake la 0.04 inawasha kwenye -0.65. Zote kwenye tangi, zote kwa mguu wa NC.

Laini inapita fyuzi ya ampea 1, inaingia COM ya A, inatoka NC ya A. Hapo inagawanyika njia mbili: moja inapita B, nyingine inapita pointi ya pembeni ya kontakta, 13 na 14. Njia hizo zinakutana tena kwenye mguu A1 wa koili ya kontakta. Nyutro inaenda mguu wa pili wa koili, A2, moja kwa moja.

Inavyokwenda: tangi likiwa bado halina vakyumu, A na B zimeshikana, koili inavuta, 13 na 14 zinafunga. Ikipita -0.69 B inaachia, lakini kontakta inajishikilia. Ikifika -0.80 A inaachia, kontakta inadondoka. Vakyumu ikishuka hadi -0.76 A inashika tena, ila haina njia, kwa sababu B iko wazi na 13-14 ziko wazi. Mpaka -0.65, B inashika, mzunguko unaanza upya.

Kosa la kwanza lililofanyika: B iliungwa mfululizo na A badala ya sambamba na 13-14. Pampu ilikata kwenye -0.69 na kuwaka kwenye -0.65. Ukiona hivyo usiguse skrubu, fuata waya.

Kontakta ya ampea 9, koili ya 230V. Waya wa pampu mm 1.5, wa swichi mm 0.75. Breka ya ampea 6 ya aina C, kwani ya aina B inaweza kuruka pampu ikiwaka. Ethi kwenye kompresa, tangi na boksi, yote matatu.

Siku ya 8. Kuvuma jioni

Mchana inawaka vizuri. Jioni, mita ikisoma volti 196, inavuma sekunde moja na ova lodi inaruka, ingawa imepumzika dakika 9. Sababu: ganda lote la kompresa ya pistoni liko upande wa kunyonya, na hewa inayorudi kupitia valvu zake haijalijaza, kwa hiyo bado lina vakyumu, wakati upande wa kutolea una hewa kamili. Kompresa hizi zimeumbwa kuwaka pande zote zikiwa sawa.

Hewa inatakiwa irudi kwenye ganda pampu ikisimama, bila kuingia kwenye tangi. Valvu ya kuzuia kurudi inalinda tangi. Kilichobaki ni kitobo kidogo. Kompresa ina bomba la tatu, la kujazia gesi, ambalo huingia moja kwa moja kwenye ganda. Limebandikwa sindano ya hospitali kwa epoksi, na sponji mdomoni. Yenye kitako cha rangi ya chungwa, geji 25, ilichukua dakika 6 kusawazisha. Ya buluu, geji 23, dakika 3. Imebaki ya buluu. Hasara: mwisho wa pampu umeshuka kutoka -0.92 hadi -0.90, na kufika -0.80 kumeongezeka sekunde 25. Kwenye volti 196 sasa inawaka kila mara.

Kompresa za AC za mzunguko ganda lake liko upande wa presha. Ujanja huu hauzihusu.

Siku ya 9. Kipande cha kwanza

Mtiki una mafuta, ulifutwa kwa asetoni dakika chache kabla ya gundi. Gundi nyeupe ya mbao gramu 150 kwa mita mraba, upande wa MDF tu. Kwa joto la nyuzi 31 una dakika 6, si zaidi, za kuingiza mfukoni. Juu ya vinia: nailoni nyembamba isishike gundi, kisha wavu wa mbu wa dirishani tabaka 4, ili hewa ipate njia ya kufika kwenye tundu. Bila wavu nailoni hujibana mdomoni mwa tundu, tangi linasoma -0.80 na katikati ya ubao hakuna kitu. Dalili yake: bonyeza mfuko kwa kidole mbali na tundu, ukitoa sauti ya hewa haujabana.

Muda wa saa 2. Pampu iliwaka mara 6, kila mara dakika 1 na nusu hadi 2. Kompresa ilishikika kwa mkono. Vinia imeshika hadi kona, isipokuwa alama ya fundo la wavu upande mmoja, sentimita 3.

Nyongeza kwa wa Lushoto

Swichi hizi hulinganisha tangi na hewa ya nje. Tanga mjini hewa ni milibari 1013. Lushoto, karibu mita 1,400 juu, ni 860 hivi. Pampu ileile inayofika -0.90 hapa itafika -0.75 kule, kwa hiyo A iliyowekwa -0.80 haikati kamwe, na pampu itazunguka mpaka iungue huku kila kitu kikiwa kizima. Kule A iwe -0.66, B ikate -0.55 na kuwasha -0.51. Mkandamizo bado ni tani 5 na zaidi kwa mita mraba.

Yaliyobaki

Chupa ya kukamata mafuta kwenye bomba la kutolea: stili wuli ndani imelowa baada ya mizunguko 6, ibadilishwe iwe chupa ya lita 1. Kapasita ya 0.1 µF X2 na rizista ya ohmu 100 mfululizo, ziwekwe sambamba na koili ya kontakta, kwa sababu pointi za A zinatoa cheche ndogo ya buluu kila zikiachia. Wavu ushonwe bila fundo.